Korongo Mweupe katika Mbuga za Afrika Mashariki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Novemba hivi, makundi ya ndege wakubwa weupe wenye mabawa ya ncha nyeusi huonekana yakizunguka juu ya Serengeti, Ngorongoro, Maasai Mara na mashamba ya ngano ya Bonde la Ufa, kisha hutua nyasini na kuanza kutembea taratibu kana kwamba wanatafuta kitu kilichodondoka. Wengi huwaita wageni kutoka Ulaya. Majibu yaliyo hapa chini yameandikwa kwa imani kwamba neno hilo si sahihi: ndege anayeishi miezi mingi ya mwaka katika bara hili, na ambaye uhai wake hutegemea panzi na viwavi wa nyika zetu, ni wa kwetu kama alivyo wa kwao.

Korongo mweupe ni ndege gani hasa?

Jina lake la kisayansi ni Ciconia ciconia. Ana urefu wa takriban sentimita 100 hadi 115, na mabawa yake yakikunjuliwa hufikia upana wa kati ya sentimita 155 na 215, ilhali uzito wake ni kilo 2.3 hadi 4.5 tu, kwa kuwa mwili wake umeumbwa kwa ajili ya kuelea hewani. Mwili ni mweupe, manyoya makubwa ya mabawa ni meusi, mdomo na miguu ni myekundu. Makinda waliokuja kwa mara ya kwanza huwa na mdomo ambao bado una weusi, hasa kwenye ncha.

Ni vizuri kukumbuka kwamba katika Kiswahili neno “korongo” limebeba mizigo mingi. Huitwa hivyo ndege kadhaa wenye miguu mirefu wasio wa ukoo mmoja, na huitwa hivyo pia bonde jembamba lililochimbwa na maji, kama Korongo la Olduvai. Ndiyo maana katika ukurasa huu tunalitumia jina kamili, korongo mweupe, kila inapohitajika kumtenga na wengine.

Nitamtofautishaje na ndege wengine wanaofanana naye?

Anayemchanganya mtu mara nyingi zaidi ni korongo mwenye mdomo wa njano, ambaye anaishi huku mwaka mzima na hupenda maji kuliko nyasi kavu. Huyo ana ngozi nyekundu isiyo na manyoya usoni, na mkia wake ni mweusi. Mkia wa korongo mweupe ni mweupe. Wakiwa juu sana, rangi ya mdomo haionekani, basi tazama mkia.

Katika kundi la korongo weupe mara nyingi huwamo pia korongo wadogo zaidi, weusi mgongoni na kifuani, wenye tumbo jeupe. Hao ni korongo wa Abdim, ambao safari yao haitoki nje ya Afrika: huzaa wakati wa mvua katika Saheli, ule ukanda wa nyika ulio kusini mwa jangwa la Sahara, na pia Sudan na Ethiopia, kisha hushuka kusini kufuata mvua za upande huu wa ikweta. Walipewa jina la Abdim, mtawala wa Dongola nchini Sudan aliyemsaidia mtafiti Mjerumani Eduard Rüppell katika safari zake za karne ya 19. Yangeyange, anayefuata ng’ombe, ni mdogo mno kulinganishwa na hawa wote, na akiruka hukunja shingo, wakati korongo mweupe huinyoosha mbele.

Mbona baadhi yao wana miguu myeupe kama iliyopakwa chokaa?

Ni kinyesi chao wenyewe. Jua linapokuwa kali korongo hujinyea miguuni kwa makusudi, na maji yaliyomo katika kinyesi hicho yanapokauka hupoza damu inayopita kwenye mishipa ya miguu. Kinachobaki ni unga mweupe. Anayewaona saa sita mchana anaweza kudhani ni aina nyingine kabisa ya ndege.

Wanatoka wapi, na wanapita njia gani?

Wanaofika Afrika Mashariki huzaliana katika nchi za Ulaya ya kati na ya mashariki, kama Poland, Ukraine na sehemu kubwa ya Ujerumani, ambako hujenga viota vikubwa vya vijiti juu ya paa za nyumba, mabomba ya moshi na nguzo. Huondoka huko mwezi wa Agosti. Njia fupi ingekuwa kukata moja kwa moja kuvuka Bahari ya Mediterania, lakini hawafanyi hivyo, na sababu yake ndiyo ufunguo wa kuielewa safari nzima.

Korongo hapigi mabawa mfululizo kwa umbali mrefu, maana mwili wake hauwezi kuzimudu gharama za nguvu hizo. Husubiri ardhi ipate joto asubuhi, kisha huingia katika mkondo wa hewa ya moto inayopanda, huzunguka ndani yake bila kupiga bawa hadi afike juu sana, halafu huteleza kuelekea anakokwenda huku akishuka polepole mpaka akutane na mkondo mwingine. Mikondo ya namna hiyo hutokea juu ya nchi kavu iliyopigwa na jua. Juu ya bahari haitoshi kumbeba, na usiku haipo. Kwa hiyo korongo husafiri mchana tu, na hulazimika kuizunguka Mediterania. Wale wa magharibi huvukia mlango wa bahari wa Gibraltar na kuishia katika Saheli ya Afrika Magharibi. Wale wa mashariki hupita mlango wa bahari wa Bosporus mjini Istanbul, wakashuka kupitia Uturuki, Syria na bonde la mto Yordani, wakavuka Sinai, wakaufuata mto Nile hadi Sudan.

Sudan na Chad si kituo cha kupumzika usiku mmoja. Wengi hukaa huko majuma kadhaa wakila na kunenepa, kabla ya kuendelea kusini wakati mvua za Saheli zinapokwisha na nyasi kukauka. Baadhi huishia Kenya na Tanzania, wengine husonga mbele hadi Zambia, Botswana na Afrika Kusini. Mwendo wa hao wa mwisho ni takriban kilomita 10,000 kwa safari ya kwenda pekee. Februari na Machi hugeuza na kuanza kurudi.

Ilijulikanaje kwamba ndege hawa huja Afrika?

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakujua ndege wao huenda wapi majira ya baridi. Wapo waliosema hulala usingizi mrefu, wapo waliosema hujificha chini ya maji. Mwaka 1822, karibu na Klütz katika jimbo la Mecklenburg nchini Ujerumani, alipigwa risasi korongo aliyekuwa na mshale uliopenya shingo yake, mshale wenye urefu wa sentimita 80 hivi, uliotengenezwa kwa mti na kwa ufundi wa Afrika ya kati. Ndege huyo alikuwa ameruka nao mpaka kwenye nchi aliyozaliwa. Alikaushwa, na hadi leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Baada yake waliorodheshwa korongo wengine kiasi cha ishirini na kitu waliofika Ulaya wakiwa na mishale mwilini.

Inafaa kutua kidogo hapo. Ushahidi wa mwanzo uliowaonyesha wataalamu wa Ulaya ndege wao wanakokwenda ulitoka mkononi mwa mwindaji wa Kiafrika ambaye jina lake halikuandikwa popote, na ambaye bila shaka alijua vizuri ndege hao huja lini na huondoka lini.

Kisha zikaja pete. Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, alianza kuwavika ndege pete za alumini zenye namba, na mwaka 1901 Johannes Thienemann alianzisha kituo cha kuchunguza ndege huko Rossitten, kwenye pwani ya bahari ya Baltiki. Korongo waliovishwa pete na kituo hicho walipatikana baadaye sehemu mbalimbali za Afrika hadi Afrika Kusini.

Katika miaka ya 1930 mtafiti Mjerumani Ernst Schüz aliongoza jaribio ambalo bado linasimuliwa na watafiti wa ndege. Makinda wa korongo wa mashariki walihamishiwa magharibi mwa Ujerumani, wakafungiwa, wakaachiliwa baada ya korongo wa huko kuwa wamekwisha kuondoka. Bila mzazi wala kiongozi, walishika njia ya kusini-mashariki, ile ya mababu zao. Lakini makinda walioachiwa kuchanganyika na korongo wenyeji waliwafuata wenzao hao kusini-magharibi. Mwelekeo, kumbe, huzaliwa nao, ila huweza kusahihishwa na wenzi wa safari.

Wanakula nini wakiwa huku?

Ulaya hula vyura, nyungunyungu, panya na hata nyoka wadogo. Wakifika kwenye nyika zetu chakula chao huwa hasa ni wadudu: panzi, nzige, nyenje, mbawakawa na viwavi. Hawawindi kwa kuvizia mahali pamoja kama nyange afanyavyo majini. Hutembea kwa mstari uliotawanyika, hatua baada ya hatua, kila mmoja akidonoa anachokurupusha mwenzake, na kundi la mamia linaweza kulipitia bonde zima asubuhi moja.

Mambo matatu huwavuta kuliko mengine. La kwanza ni moto: nyasi zinapochomwa, korongo hukusanyika pembeni mwa mstari wa moto na juu ya majivu ya moto uliopita, kuwaokota wadudu wanaokimbia na waliobabuka. La pili ni mifugo na wanyamapori, ambao kwato zao huwatimua panzi. La tatu, na kubwa zaidi, ni viwavijeshi. Mvua za vuli zinapoanza, nondo wa viwavijeshi hutaga katika nyasi changa za Tanzania na Kenya, na baada ya majuma machache viwavi weusi hujaa malishoni na kwenye mahindi, mtama na ngano. Mahali penye mlipuko ndipo utakapowakuta korongo weupe na korongo wa Abdim kwa pamoja, wameinamisha vichwa.

Ardhi oevu nayo wanaihitaji, ingawa kwa namna nyingine. Kingo za mabwawa, mashamba ya mpunga na mabonde yanayofurika kwa msimu huwapa chakula wakati nyika imekauka, na pia mahali pa kulala kwa usalama.

Je, wanaharibu mazao?

Hapana. Hawali nafaka. Mkulima akiwaona shambani ajue kuna wadudu, na mara nyingi wao huwa wamewagundua wadudu hao kabla yake.

Basi je, wanaweza kuwamaliza viwavijeshi au nzige?

Si haki kuwabebesha kazi hiyo. Kundi la nzige wa jangwani lililotanda kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige milioni 40, wakati mwingine hata milioni 80, na hakuna idadi ya korongo inayoweza kulikabili. Walipoingia Kenya mwishoni mwa mwaka 2019, katika uvamizi ambao nchi hiyo haikuuona kwa miaka 70, kazi ya kuwazuia ilifanywa na ndege za kunyunyizia dawa. Mchango wa korongo uko katika miaka ya kawaida na katika milipuko midogo, ambapo wadudu huliwa wakiwa bado wachache na mahali pamoja. Kazi hiyo haiandikwi kwenye taarifa yoyote, kwa kuwa hasara iliyozuiwa haionekani.

Dawa za kuua wadudu zinawadhuruje?

Kwa njia mbili. Ya kwanza ni sumu yenyewe. Wadudu walionyunyiziwa hupoteza nguvu ya kukimbia, wakawa chakula rahisi, na korongo hukusanyika palepale palipopigwa dawa. Baadhi ya dawa zilizotumika dhidi ya nzige, kama fenitrothioni na kloropirifosi, hushambulia mishipa ya fahamu ya ndege kama zinavyoshambulia ya mdudu. Ya pili ni njaa. Eneo lisilo na wadudu ni jangwa kwa korongo hata likiwa kijani kibichi, na ndege asiyepata mafuta ya kutosha mwezi wa Februari huchelewa kuondoka, huchelewa kufika kwenye kiota, na hulea makinda wachache.

Njia mbadala zipo. Katika uvamizi wa mwaka 2020 Somalia ilitumia dawa ya kibayolojia inayotokana na kuvu aitwaye Metarhizium, ambayo huua nzige na panzi bila kuwadhuru ndege. Hufanya kazi polepole, na hilo humkatisha tamaa mkulima anayetazama shamba lake likiliwa. Wasiwasi wake ni wa haki kabisa. Lakini kwenye malisho na nyika zisizolimwa, ambako siku chache za kusubiri haziharibu mavuno ya mtu, ingefaa njia hiyo ndiyo ifikiriwe kwanza.

Je, ni kweli kwamba huleta mvua?

Katika jamii nyingi za Afrika kufika kwa korongo huchukuliwa kuwa dalili ya mvua, na wanaosema hivyo hawakukosea katika kutazama. Mvua huotesha nyasi, nyasi huleta wadudu, na korongo, ambaye kutoka juu anaweza kuona mbali sana, huyafuata mawingu. Wanafika pamoja na mvua kwa sababu wanakimbilia kile ambacho mvua imekiamsha ardhini. Korongo wa Abdim anaheshimiwa zaidi kwa jambo hili huko Sudan na kwingineko katika Saheli, ambako hujenga kiota juu ya paa za nyumba za vijijini na watu humwacha aishi kwa amani.

Mbona hawana sauti?

Viungo vyao vya sauti havina misuli ya kutosha kutoa mlio wa maana. Kwenye kiota huwasiliana kwa kugonganisha mdomo wa juu na wa chini kwa kasi, huku kichwa kikiwa kimelazwa mgongoni. Wakiwa huku, mbali na viota vyao, ni nadra kuwasikia.

Je, huzaa Afrika Mashariki?

Hapana. Huzaa Ulaya, Afrika Kaskazini na Asia ya magharibi, na wachache sana huzaa Afrika Kusini. Jike hutaga mayai manne kwa kawaida, dume na jike huatamia kwa zamu kwa siku 33 au 34, na makinda huruka baada ya miezi miwili hivi.

Nimewaona mwezi wa Julai. Je, wameugua?

Si lazima. Korongo huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka mitatu au minne, na kabla ya hapo hana la kumharakisha kwenda kaskazini. Wengi wa vijana hubaki Afrika katika mwaka wao wa kwanza, wakizunguka panapopatikana chakula. Ukimwona mmoja peke yake aliyezubaa, asiyeruka hata ukimkaribia, huyo ndiye wa kutiliwa shaka.

Hatari gani nyingine zinawakabili?

Nyaya za umeme huua wengi kuliko inavyodhaniwa. Korongo hutua juu ya nguzo, na kwa mabawa yenye upana wa karibu mita mbili ni rahisi kugusa nyaya mbili kwa pamoja akanaswa na umeme. Wengine huzigonga wakati wa ukungu au jioni wanapotafuta pa kulala. Nchi zetu zinapanua gridi ya taifa, na umeme vijijini ni jambo la haki, kwa hiyo ombi hapa si nyaya zisijengwe. Ni kwamba nguzo zinazopita kwenye mbuga na ardhi oevu zijengwe kwa nafasi pana kati ya nyaya, na nyaya zenyewe zifungwe alama zinazoonekana na ndege. Kufanya hivyo wakati wa ujenzi ni nafuu kuliko kurekebisha baadaye.

Uwindaji haramu njiani, hasa nchini Lebanoni, huwapunguza pia. Huku kwetu tatizo linalokua ni kukaushwa kwa mabonde ya maji na kugeuzwa nyika kuwa mashamba ya zao moja.

Je, wanaelekea kutoweka?

Kwa sasa hapana. Sensa ya kimataifa ya mwaka 2004 na 2005 ilihesabu zaidi ya jozi 200,000 zinazozaa, ongezeko kubwa kulinganisha na miaka ya 1980. Lakini sehemu ya ongezeko hilo iko Hispania, ambako korongo wengi wamezoea kula kwenye majalala na hawasafiri tena kuja Afrika. Hesabu ya jumla inaweza kupendeza huku safari ya mashariki, ile inayotuhusu, ikiwa mashakani. Kenya, Tanzania na Uganda ni wanachama wa mkataba wa kuwahifadhi ndege wa majini wahamao kati ya Afrika, Ulaya na Asia, uliokubaliwa The Hague mwaka 1995, na korongo mweupe ni mmoja wa ndege waliotajwa ndani yake.

Nimemwona korongo aliyefungwa kifaa mgongoni. Je, ni cha ujasusi?

Swali hili si la kupuuzwa, kwani limegharimu maisha. Mwaka 2013 korongo aliyepewa jina la Menes, aliyefungwa kifaa cha utafiti nchini Hungaria, alikamatwa huko Qena, Misri, akashikiliwa kwa tuhuma za upelelezi. Wataalamu walikikagua kifaa, akaachiliwa, na muda mfupi baadaye akauawa na kuliwa.

Kifaa hicho hupima mahali ndege alipo na kutuma taarifa kwa njia ya setilaiti au mtandao wa simu. Hakina kamera ya kupelelezea wala kinasa sauti. Ni kwa vifaa hivyo tulivyojua, kwa mfano, maisha ya jike wa Kijerumani aitwaye Prinzesschen, aliyefuatiliwa tangu mwaka 1994 hadi alipokufa Afrika Kusini mwaka 2006.

Nimemwokota korongo mwenye pete. Nifanye nini?

Akiwa hai, usiivue pete. Mfunike kichwa kwa kitambaa chepesi ili atulie, mshike mdomo kwa uangalifu maana huweza kudonoa jicho, na umweke mahali penye kivuli huku ukiwaarifu maofisa wa wanyamapori walio karibu. Akiwa amekufa, usimle wala usimpe mbwa, kwani huenda amekufa kwa sumu.

Andika herufi na namba zote zilizomo kwenye pete kama zilivyo, pamoja na maneno kama “Radolfzell Germania” au “Hiddensee Germania”, ambayo ni majina ya vituo vilivyomvika. Radolfzell ndicho mrithi wa kile kituo cha Rossitten. Piga picha ya pete, andika tarehe, kijiji na hali uliyomkuta nayo. Nchini Kenya taarifa hupelekwa kitengo cha ndege cha Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Nchini Tanzania, kwa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori iliyoko Arusha. Pete ya mguuni mara nyingi husomeka kwa darubini bila kumgusa ndege, hivyo hata mchungaji aliyemwona akipita na ng’ombe wake anaweza kutoa taarifa kamili, mradi tu ameziandika namba kabla kundi halijaruka.